Longonot na Njia Iliyosahaulika ya Kiswahili

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Ukweli wa methali hii hudhihirika kila mwisho wa juma katika Mlima Longonot, kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha. Hapo hukutana wanafunzi wa vyuo vikuu, vikundi vya makanisa, wafanyakazi wa ofisi za Nairobi na Nakuru, na wageni kutoka ng'ambo. Wote hulipa kiingilio langoni, hukaza kamba za viatu, kisha huanza kukwea. Jioni hurudi kwa lango lile lile wakiwa wamejaa vumbi, miguu ikiwauma na simu zao zikiwa na picha tele. Wachache mno kati yao hujua kwamba bonde walilolitazama kutoka kileleni lilipitiwa na misafara iliyozungumza Kiswahili zaidi ya miaka 140 iliyopita. La kusikitisha ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili nao, ambao wangetarajiwa kulijua jambo hili kuliko wengine, hupanda na kushuka bila kulijua.

Longonot ni volkano iliyolala, na kilele chake kina urefu wa mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Hifadhi ya taifa inayouzunguka mlima huu ilianzishwa mwaka 1983. Kutoka langoni hadi kwenye ukingo wa kasoko ni mwendo wa kilomita 3 hivi, njia ikipanda katika majivu ya kale ya volkano yaliyochimbwa na maji ya mvua hadi yakawa makorongo. Ukingoni huanza njia ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 7.2. Njia hii hupanda na kushuka juu ya meno ya ukingo. Mahali pengine ni nyembamba kiasi kwamba wanaopishana hawana budi kusimama kando. Upande wa ndani kuna kuta za kasoko zinazotoa mvuke hapa na pale, na chini kabisa msitu uliojifungia kama bustani ya siri. Upande wa nje macho huona Ziwa Naivasha, safu ya Mau, nyanda za Kinangop na, kwa mbali kusini, Mlima Suswa. Anayemaliza mzunguko huo na kurudi langoni amekwisha kutembea zaidi ya kilomita 13.

Hakuna ubaya wowote katika mzunguko huo. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba haukuunganishwa na kitu. Mtembezi huanza langoni na kumalizia langoni, mithili ya punda wa kinu cha mafuta. Katika nchi ambazo watu wake wamezoea kutembea milimani, njia ya mzunguko huwa mlango wa kuingilia njia ndefu zaidi. Nchini Marekani, kwa mfano, njia nyingi fupi za milimani hukutana na Appalachian Trail, njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 3,500 inayopita katika majimbo 14. Wazo la njia hiyo lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, nayo ikakamilika mwaka 1937. Mtu anayetembea mzunguko wa nusu siku hukanyaga, kwa hatua chache, njia ile ile anayoipita mtu mwingine aliye safarini kwa miezi mitano. Hatua hizo chache humfundisha kwamba mlima wake ni sehemu ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Je, Bonde la Ufa halina njia ndefu? Linayo, tena lilikuwa nayo kabla Wamarekani hawajaanza kuchora yao. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka Pangani na bandari nyingine za pwani, ikapita karibu na Kilimanjaro, ikakata nchi ya Wamaasai hadi Naivasha, kisha ikaelekea kaskazini kupitia Elmenteita na Nakuru hadi Baringo, ambako Wanjemps waliwauzia wasafiri nafaka. Bidhaa iliyotafutwa zaidi ilikuwa pembe za ndovu. Lugha ya misafara hiyo, kuanzia kwa mwenye mali hadi kwa mpagazi wa mwisho, ilikuwa Kiswahili.

Miongoni mwa waliojua njia hiyo vyema alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye baadhi ya vitabu humwandika Kimemeta. Mwaka 1883 Mskoti aitwaye Joseph Thomson, kijana wa miaka 25, alitaka kuvuka nchi ya Wamaasai. Alipofika Taveta alikutana na Kimameta, na misafara yao miwili ikafuatana. Thomson aliukwea Longonot mwaka huo na kuchungulia kasoko lake, kisha akaendelea na safari iliyomfikisha Baringo na Ziwa Viktoria. Miaka michache baadaye, 1887 hadi 1888, Kimameta huyo huyo aliuongoza msafara wa Teleki na von Höhnel, Wazungu waliofika katika ziwa linaloitwa leo Turkana.

Sasa na tazamwe jinsi historia ilivyogawa majina. Thomson alipewa maporomoko ya maji pale Nyahururu, na akapewa pia mnyama, kwa maana swala tomi wa Kiswahili ni mtoto wa jina lake. Gustav Fischer, Mjerumani ambaye Wamaasai walimzuia kuendelea mbele ya Naivasha mwaka huo huo wa 1883, alipewa mnara wa mwamba katika hifadhi ya Hell's Gate, na watalii huupiga picha hadi leo. Kimameta, aliyeijua njia kabla yao wote wawili, hakupewa mwamba, wala kijito, wala swala. Jina lake limebaki katika vitabu vya waliomfuata nyuma. Ikiwa wanafunzi wa lugha aliyoizungumza hawalijui, basi nani atawajibika kulijua?

Hata hivyo, njia hiyo haikupotea yote. Sehemu yake imehifadhiwa mahali ambapo wanafunzi wa Kiswahili hupita kila siku bila kutazama chini, yaani katika msamiati. Neno safari, ambalo lugha nyingi za dunia zimeliazima, lilizagaa bara kwa miguu ya wapagazi. Aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi. Chakula alichopimiwa mpagazi kiliitwa posho. Leo posho ni fedha za mjumbe anayehudhuria mkutano, katika miji ya Kenya ni unga unaosagwa kinuni, na kule Uganda ni ugali wenyewe. Hongo nayo haikuwa aibu wakati huo. Ilikuwa ada ambayo msafara uliwalipa wenye nchi ili uruhusiwe kupita, na kila upande uliijua. Leo neno hilo limeanguka, limekuwa jina la kosa la jinai. Mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mfano wa maana iliyodidimia hana haja ya kwenda mbali.

Mfano mzito kuliko yote ni seng'enge. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba uzi wa chuma, walioutaja kwa tahajia zao kama senenge, ulikuwa bidhaa ya lazima katika nchi ya Wamaasai. Wapagazi waliubeba mabegani katika mafungu mazito, kwa kuwa bila uzi huo, shanga na nguo, njia haikufunguka. Leo Mswahili akisikia seng'enge huwaza ua wenye miiba. Kitu kile kile kilichofungua njia ndicho kinachoifunga. Ni nadra neno moja kubeba historia ya bonde zima namna hii, na ni hasara kwamba neno hilo hufundishwa, likifundishwa, kama jina la bidhaa ya dukani tu.

Njia ilifungwaje? Jibu halihitaji kubuniwa, maana limeandikwa. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mzigo uliokuwa ukibebwa kichwani ukahamia kwenye behewa. Kisha yakaja mapatano ya mwaka 1904 kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai, ambayo yaliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka 1911 yakafuata mapatano mengine yaliyowaondoa tena Laikipia. Ardhi iliyoachwa wazi ikagawiwa walowezi, na walowezi wakaleta seng'enge. Baada ya uhuru ua haukung'olewa. Kilichobadilika sana ni jina la mwenye ua. Leo mtu anayetaka kutoka Longonot hadi Menengai kwa miguu, akifuata uelekeo wa misafara, atakutana na mashamba ya maua, ranchi, hifadhi za watu binafsi, visima vya mvuke na barabara kuu ambayo magari yake hayamhurumii mwenda kwa miguu. Wafugaji wanaohamisha mifugo wakati wa kiangazi wanaijua adha hiyo kuliko mtalii yeyote.

Haifai, hata hivyo, kuipamba njia hiyo kana kwamba ilikuwa ya amani tupu. Msafara ulibeba pembe za ndovu waliouawa, na mgongo ulioumia chini ya mzigo ulikuwa wa mpagazi. Chini ya Longonot kwenyewe, katika Bonde la Kedong, mwezi Novemba 1895, msafara wa wapagazi zaidi ya elfu moja, wengi wao Wakikuyu wakiwa pamoja na Waswahili, ulishambuliwa na Wamaasai ulipokuwa ukirejea kutoka Eldama Ravine. Mamia ya wapagazi waliuawa. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni yenyewe uliona kwamba watu wa msafara ndio waliouanza uchokozi dhidi ya wenyeji. Kiswahili, basi, hakikuingia bondeni kikiwa na mikono misafi daima. Anayeitaka historia ya lugha hii hana budi kuipokea yote, ya Kimameta na ya Kedong. Hao mamia waliolala Kedong ni sehemu ya historia ya kuenea kwa Kiswahili, ingawa ni wanafunzi wachache wa Kiswahili wanaowahi kuwasikia.

Hapa ndipo penye deni la vyuo vikuu. Katika mijadala ya wanafunzi kuhusu historia ya Kiswahili, sehemu kubwa ya muda hutumika kwenye asili ya lugha pwani, na hilo ni sawa. Lakini sura ya kuenea kwake bara hupitishwa haraka: biashara, wamisionari, utawala wa kikoloni, shule, redio, basi. Neno "biashara" hutamkwa kana kwamba lilisafiri lenyewe. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aliyezaliwa Molo au Gilgil hukua akiamini kuwa Kiswahili ni mgeni aliyemfuata kutoka Mombasa kwa njia ya kitabu cha darasa la kwanza. Hajui kwamba lugha hiyo ilipiga kambi karibu na kwao kabla ya kuwapo shule, reli wala mji wa Nakuru. Anayejiona mpangaji katika lugha huizungumza kwa woga wa mpangaji. Huomba radhi kwa lafudhi yake na kuamini kwamba Kiswahili chenye haki kinapatikana Lamu na Zanzibar pekee.

Wapo watakaosema kwamba kutembea milimani ni anasa ya watalii, na kwamba mtu aliyekulia kijijini akitembea kilomita 10 kwenda shuleni hahitaji kulipia mateso yale yale. Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Jamii inayotembea kila siku ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuzisimulia njia zake, wala haipaswi kumwachia mgeni kazi hiyo. Wengine watahofia usalama. Ni kweli kwamba nyati na wanyama wengine wamo katika hifadhi ya Longonot, na nyasi za mlima huo hushika moto upesi wakati wa kiangazi, kama ilivyoonekana Machi 2009. Lakini hofu hizo hutatuliwa kwa askari wa hifadhi, mwongozaji na ratiba nzuri. Hazitatuliwi kwa kukaa mabwenini.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la tatu, yaani kwamba kuidai njia hiyo kwa jina la Kiswahili ni kuwapokonya Wamaasai mara ya pili. Majina ya bonde hili ni ya Kimaa. Longonot hutokana na neno linaloelezwa kumaanisha mlima wa migongo mingi. Naivasha ni maji yanayochafuka kwa mawimbi. Nakuru hufasiriwa kuwa mahali pa vumbi. Kama wanafunzi wa Kiswahili watakwenda mlimani kubandika majina mapya, heri wasiende. Lakini si lazima iwe hivyo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na kifungu hicho hicho kinaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za kiasili. Kazi ya Kiswahili hapo ni ile ya kirangozi mwema: kutangulia, kuuliza wenye nchi, na kuwaeleza wanaofuata nyuma maana ya kile wanachokipita. Majina yabaki ya Kimaa, na maelezo ya majina yasomeke kwa Kiswahili.

Maelezo hayo leo yako wapi? Mabango na vijitabu vya hifadhi nyingi za Kenya hutegemea Kiingereza. Mkenya aliyemaliza darasa la nane hulipa kiingilio chake, hupanda mlima wake, kisha huelezwa habari za mlima huo kwa lugha anayoisoma kwa kugugumia. Haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili kimekosa maneno. Kasoko lipo, zaha lipo, volkano lipo, na vilevile ukingo, genge, korongo, mteremko, ujia na kilele. Satelaiti zilionyesha kwamba kati ya mwaka 2004 na 2006 ardhi ya Longonot iliinuka kwa takriban sentimita 9, dalili kwamba mlima uliolala bado unapumua. Sentensi hiyo imeandikika kwa Kiswahili bila tatizo lolote. Kilichokosekana ni mwandishi.

Kwa hiyo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, hasa katika vyuo vilivyo ndani ya eneo hili kama Egerton pale Njoro, vina kazi tatu zilizo ndani ya uwezo wao. Ya kwanza ni kuandika mwongozo wa Kiswahili wa mzunguko wa Longonot, kituo kwa kituo, kwa ushirikiano na wasimamizi wa hifadhi na wazee wa Kimaasai wanaojua majina ya migongo na mabonde. Ya pili ni kukusanya msamiati wa njia kutoka kwa wafugaji, waongozaji na wazee wa Naivasha, Gilgil, Nakuru na Marigat, ili maneno ya mwendo, mzigo, kambi na kivuko yasiishie makaburini. Ya tatu ni kuchora, kwanza kwenye karatasi, njia ndefu inayounganisha Longonot, Naivasha, Elmenteita, Menengai, Bogoria na Baringo, kisha kuipeleka ramani hiyo mbele ya serikali za kaunti na kuuliza waziwazi: ni wapi mwananchi anaweza kupita, na ni wapi seng'enge imemzuia?

Jambo hili lina mfano karibu. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya misafara ya kati, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia inayotunzwa na UNESCO. Kwa upande wa Kenya, maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elmenteita yalitambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini flamingo wakilindwa na njia ya binadamu ikiachwa kusahaulika, urithi utakuwa umehifadhiwa nusu.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa kwa hotuba, nyimbo na mavazi ya pwani. Si vibaya. Lakini wanafunzi wa Bonde la Ufa wanaweza kuiadhimisha kwa namna ambayo wenzao wa Dar es Salaam na Zanzibar hawawezi. Siku hiyo na wapande Longonot asubuhi. Wakifika kileleni wasimame, mmoja wao asome kwa sauti habari za Kimameta na habari za waliokufa Kedong, kisha waitazame njia inayoelekea Naivasha na Nakuru. Wakishuka, wasimwachie mwongozaji wao fedha pekee. Wamwachie nakala ya mwongozo ulioandikwa kwa lugha yake.